Michoro ya 16:9 kwenye Kioo cha 4:3

Uwiano wa picha ni uhusiano kati ya upana wake na kimo chake. Televisheni bapa za leo zina sehemu 16 za upana kwa kila sehemu 9 za kimo, na umbo hilo huandikwa 16:9. Televisheni za zamani, zile zenye kichogo nyuma, zina sehemu 4 za upana kwa 3 za kimo. Michoro ya mwendo ya televisheni, yaani nembo inayozunguka kabla ya taarifa ya habari, bango la jina la anayezungumza, ukanda wa maandishi unaopita chini ya kioo na majedwali ya matokeo, siku hizi hutengenezwa kwa 16:9. Ikitakiwa kuonekana kwenye kioo cha 4:3, maumbo hayo mawili hayaingiliani, na lazima kitu kitolewe: ama pande za picha, ama sehemu ya kimo, ama usahihi wa umbo lenyewe. Kazi ya kugeuza ni kuamua kitolewe nini. Hapo mchoro una bahati ambayo picha ya kamera haina. Picha ya kamera ikishapigwa imekwisha, ilhali mchoro bado una vipande vyake na unaweza kupangwa upya.

Umbo la 4:3 lilitoka kwenye filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, W. K. L. Dickson, aliyefanya kazi katika maabara ya Thomas Edison nchini Marekani, alichagua utepe wa milimita 35 na kuipa kila picha kimo cha matundu manne ya pembeni. Umbo lililopatikana lilikuwa 4:3, na televisheni ilipokuja ikalirithi. Miaka ya 1950, watu walipoanza kubaki nyumbani na televisheni zao, Hollywood ilijibu kwa kupanua kioo cha sinema: Cinerama mwaka 1952, kisha CinemaScope mwaka 1953 kwa filamu ya The Robe. Baada ya hapo kila kampuni ikawa na upana wake. Katika miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers wa Marekani alitafuta umbo moja la kuyabeba yote. Alichora mistatili ya maumbo yaliyotumika, yote ikiwa na eneo sawa, akaipanga juu ya kitovu kimoja. Mstatili wa nje uliozunguka maumbo yote na ule wa ndani uliobaki katikati yake ilikuwa na uwiano uleule, karibu 1.78 kwa 1. Huo ndio 16:9. Kwa hesabu, 16:9 ni 4:3 iliyozidishwa kwa 4:3, na ndiyo maana robo tatu, ile 3 juu ya 4, hujitokeza kila mahali katika kazi hii.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulijua jambo hili vizuri. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 ambayo 576 kati yake hubeba picha, na picha 25 kwa sekunde. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa kikomo cha kuhama kutoka analojia. Tanzania ilianza mapema, kwa kuzima mitambo ya analojia ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilizima ya kwake mwaka 2015. Katika nyumba nyingi kilichonunuliwa kwa ajili ya mabadiliko hayo kilikuwa king'amuzi, si televisheni mpya. King'amuzi kiliunganishwa na televisheni ya kichogo kwa nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Matangazo yakawa ya dijitali na michoro ikawa mipana, lakini kioo sebuleni kilibaki cha 4:3. Hadi leo ving'amuzi vina menyu ya kuchagua umbo la picha, na chaneli za ubora wa kawaida bado zinarushwa kwa sababu zinachukua nafasi ndogo kwenye setilaiti na minara kuliko za ubora wa juu.

Njia rahisi kuliko zote ndiyo mbaya kuliko zote: kuibana picha nzima hadi iingie. Upana unapungua hadi robo tatu huku kimo kikibaki palepale. Duara lenye kipenyo cha pikseli 600 linageuka yai lenye kimo cha 600 na upana wa 450. Nyuso zinakonda, herufi zinarefuka, na nembo ya kituo, ambayo mwenye kituo ameilipia na kuisajili, inaonekana kama imeundwa na mtu asiyeijua. Hata hivyo kubana huku kuna mahali pake halali. DVD, kwa mfano, huhifadhi filamu pana ikiwa imebanwa ndani ya pikseli 720 kwa 576, pamoja na alama inayoiambia mashine kwamba picha hii ni ya 16:9. Mashine hukunjua picha kabla ya kuionyesha. Kubana kwa ajili ya kuhifadhi ni ufundi. Kubana kwa ajili ya kutazamwa ni kosa. Tofauti ya hayo mawili ni alama moja ndani ya faili, na alama hiyo hupotea kwa urahisi faili linapopita kwenye mikono mingi.

Njia ya pili ni kuiacha picha nzima na kuweka pau nyeusi juu na chini. Hakuna kinachokatwa. Katika PAL picha inachukua mistari 432 kati ya 576, na kila upau una mistari 72. Filamu na michezo ya kuigiza huvumilia njia hii vizuri, kwa sababu mpangilio wa mwongozaji unabaki salama. Maandishi hayavumilii. Kutoka mistari 1080 ya ubora wa juu hadi 432, kila kitu kinapunguzwa hadi sehemu 0.4 ya kimo chake. Herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 40 inabaki na mistari 16 tu, kwenye televisheni ya inchi 14 au 21 iliyoko mwisho wa chumba. Ukanda wa habari uliosomeka vizuri ofisini unakuwa mstari wa vumbi.

Ya tatu ni kukata pande. Kimo chote kinatumika, na kati ya pikseli 1920 za upana zinachukuliwa 1440 za katikati; 240 zinaachwa kushoto na 240 kulia, yaani robo ya picha. Kimo cha herufi kinapungua hadi sehemu 0.53 tu, kwa hiyo ile ya pikseli 40 inabaki na mistari 21. Kioo kinajaa na mtazamaji anaridhika, mradi hakuna kitu muhimu pembeni.

Kati ya hizi mbili BBC ilitumia njia ya maridhiano katika matangazo yake ya analojia tangu mwisho wa miaka ya 1990: 14:9. Pikseli 120 tu hukatwa kila upande, na kinachobaki huwekewa pau nyembamba za mistari kama 41 juu na chini. Uingereza ilikuwa na mamilioni ya televisheni za aina zote mbili kwa wakati mmoja, na suluhisho hilo halikumnyima yeyote kitu kikubwa. Fox ya Marekani ilichukua upande mwingine mwaka 2010. Ilianza kutandaza michoro yake kwenye upana wote wa 16:9, na kuwaagiza wasambazaji wawaonyeshe wenye vioo vya 4:3 picha yenye pau. Ilikuwa haki kwa mchoraji, lakini mwenye televisheni ndogo ndiye aliyelipa.

Sinema zilikuwa na njia yao ya ziada, ya kuhamisha dirisha la 4:3 kushoto na kulia juu ya picha pana kufuata tukio. Filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959 ilipigwa kwa uwiano wa 2.76 kwa 1, hivyo dirisha la 4:3 huona chini ya nusu yake kwa wakati wowote. Mwongozaji Sydney Pollack alifikia hatua ya kwenda mahakamani nchini Denmark baada ya filamu yake Three Days of the Condor kuonyeshwa kwenye televisheni ikiwa imekatwa hivyo. Katika michoro njia hii haina kazi: dirisha likihama, mandhari yote inaonekana inayumba, na mwendo uliopangwa na mchoraji unagongana na mwendo wa dirisha.

Kwa michoro, basi, kukata na kupunguza si jibu la kwanza. Jibu la kwanza ni kurudi kwenye mradi wenyewe ndani ya programu ulikotengenezwa, uwe After Effects au nyingine, ambako kila herufi, nembo na mandhari iko kwenye tabaka lake, na kupanga upya.

Jedwali la msimamo wa ligi linaonyesha kwa nini. Tuseme limepangwa kwenye pikseli 1920: majina ya timu yanaanza pikseli ya 120 kutoka kushoto, na safu ya pointi iko kati ya pikseli ya 1740 na 1800. Dirisha la 4:3 linaanza pikseli ya 240 na kuishia 1680. Kama kila herufi ina upana wa pikseli 40 hivi, herufi tatu za mwanzo za kila jina zinakatwa, na Coastal Union inasomeka "stal Union". Safu ya pointi haionekani kabisa. Mtazamaji amebaki na msimamo wa ligi usio na pointi. Ukiweka pau badala ya kukata, pointi zinarudi lakini tarakimu zake ni ndogo kiasi kwamba 3 na 8 hazitofautiani kwa mbali. Ukifungua mradi, kazi ni ya dakika chache. Majina yanasogezwa kulia na pointi kushoto, ule uwazi mkubwa wa katikati, ambao kwenye picha pana ulikuwa pambo tu, unapunguzwa, na herufi zinaongezwa ukubwa. Safu ya mabao ya kufunga na kufungwa inaweza kuondolewa ikibidi. Hakuna programu inayojua kwamba pointi ni muhimu kuliko mabao; mhariri anajua.

Kusogeza vitu hakutoshi, maana michoro hii inatembea. Bango linaloingia kutoka ukingo wa kushoto kwa kasi ya pikseli 480 kwa sekunde, picha ikikatwa tu, linatumia nusu sekunde kuvuka zile pikseli 240 zisizoonekana. Mlio wake unasikika, na kioo bado kitupu. Katika mpangilio mpya mahali pa kuanzia mwendo pasogezwe hadi nje kidogo ya ukingo mpya, ili sauti na mchoro vifike pamoja. Ukanda wa habari una shida ya aina yake. Ukipita kwa pikseli 240 kwa sekunde, neno linakaa kiooni sekunde 8 kwenye upana wa 1920, na sekunde 6 tu kwenye 1440. Msomaji wa polepole, ambaye mara nyingi ndiye mzee au mtoto wa nyumba hiyo, anapoteza robo ya muda wake wa kusoma. Kasi ishushwe hadi 180.

Kisha kuna kingo. Televisheni za kichogo hazionyeshi picha yote; sehemu ya pembeni hufichwa nyuma ya fremu ya plastiki, na kiasi hutofautiana kati ya seti na seti. Kwa sababu hiyo desturi ya zamani inataka matukio yakae ndani ya asilimia 90 ya upana na kimo, na maandishi ndani ya asilimia 80. Ukichora kwenye 1920 huku ukijua picha itakatwa hadi 4:3, maandishi yote yanapaswa kukaa kati ya pikseli ya 384 na ya 1536, yaani asilimia 60 tu ya upana. Vituo vingi duniani viliishi hivyo kwa miaka, na ndiyo maana nembo za chaneli zilielea ndani sana badala ya kukaa kwenye kona. Kituo chenye mtambo mmoja wa kurushia hakina njia nyingine. Kituo chenye mikondo miwili, mmoja wa ubora wa juu na mmoja wa kawaida, hakina sababu ya kuwanyima watazamaji wote asilimia 40 ya kioo: kitengeneze mipangilio miwili.

Baada ya mpangilio hufuata suala la pikseli, na hapa ndipo hata wazoefu hujikwaa. Pikseli ya kompyuta ni mraba. Pikseli ya televisheni ya ubora wa kawaida si mraba. Kiwango kinachoitwa Rec. 601, kilichopitishwa mwaka 1982, kilitaka mifumo ya Ulaya na Marekani itumie kipimo kimoja cha kuchukua sampuli, megahezi 13.5, na kila mstari ukapewa pikseli 720 katika mifumo yote miwili. Lakini PAL ina mistari 576 na NTSC ya Marekani hutumia 480. Pikseli 720 kwa 576 zingekuwa za mraba zingetoa umbo la 5:4. Pikseli ya PAL kwa hiyo ni pana kidogo, 12 kwa 11, na ya NTSC ni nyembamba, 10 kwa 11. Zaidi ya hayo, si pikseli zote 720 zinazohesabiwa katika umbo la 4:3. Ni 704 hivi za katikati. Fanya hesabu na kila kitu kinakaa mahali pake: 704 mara 12 gawanya kwa 11 ni 768, na 768 kwa 576 ni 4:3 kamili. Kwa NTSC, 704 mara 10 gawanya kwa 11 ni 640, na 640 kwa 480 ni 4:3 vilevile.

Anayefanya kazi kwa mkono anaweza kuchora kwenye turubai ya mraba ya 768 kwa 576, kuibana iwe 704 kwa upana, kisha kuacha pikseli 8 kila upande. Programu hufanya hivyo zenyewe zikiambiwa aina sahihi ya pikseli. Tahadhari moja: matoleo ya After Effects kabla ya CS4 yalihesabu pikseli ya PAL kuwa 1.07, na tangu CS4 ni 1.09. Kiolezo cha zamani kikichanganywa na kipya, duara linapotoka kwa asilimia 2 hivi. Ni kidogo, lakini kwenye nembo ya duara jicho hukiona.

Ubora wa kawaida pia hauonyeshi fremu nzima kwa mara moja. Kila fremu hugawanywa sehemu mbili, mistari ya namba shufwa na ya namba witiri, zinazoonyeshwa kwa kupokezana, katika PAL sehemu 50 kwa sekunde. Mstari mwembamba wa kulala wenye unene wa mstari mmoja huonekana katika sehemu moja tu na kutoweka katika nyingine, kwa hiyo humetameta mara 25 kwa sekunde na kuchosha macho. Pambo la pikseli 4 kwenye picha ya 1080 linabaki na mistari 1.6 likiwekewa pau, na litametameta. Likikatwa pande linabaki na mistari 2.1, na litatulia. Kanuni ni kutopungua mistari miwili, na kuongeza ukungu mdogo wa wima kwenye herufi zenye ncha nyembamba. Mpangilio wa kupokezana nao una mwelekeo: faili za kamera za DV huanza na mistari ya chini, na mifumo mingine ya PAL kwa kawaida huanza na ya juu. Mwelekeo ukigeuzwa, kila kinachotembea kinatetemeka mbele na nyuma. Kasoro hiyo haionekani kwenye kompyuta, na ndiyo maana hufika hewani.

Rangi zina mtego wao. Picha za ubora wa juu hukokotoa mwanga kwa kiwango cha Rec. 709, ambamo kijani kina uzito wa 0.7152, ilhali Rec. 601 hukipa 0.587. Faili likigeuzwa ukubwa bila kugeuzwa hesabu hiyo, kijani na nyekundu huhama, na rangi ya nembo haiwi ileile tena. Waya wa njano nao hubeba rangi kwa uhafifu kuliko unavyobeba mwanga. Maandishi mekundu juu ya bluu, yanayovutia sana kwenye kompyuta, yanachuruzika pembeni hadi hayasomeki. Nyeupe au njano juu ya rangi nzito ni salama zaidi.

Faili likiwa tayari, bado linahitaji kujieleza. Katika PAL ya analojia taarifa ya umbo la picha ilibebwa kwenye mstari wa 23. Katika matangazo ya dijitali kuna alama inayosafiri pamoja na picha na kukiambia king'amuzi kikate, kiweke pau au kijaze kioo. Alama ikiwa na makosa, king'amuzi kitaweka pau juu ya picha ambayo tayari ina pau, na mtazamaji atabaki na picha ndogo katikati ya fremu nyeusi pande zote nne. Anayeona hivyo nyumbani aingie kwanza kwenye menyu ya king'amuzi na kuchagua 4:3 kama televisheni yake ni ya kichogo. Chaguo la 16:9 kwenye seti hizo ndilo linalokondesha watu. Tatizo likibaki kwenye chaneli moja tu, kosa liko kituoni.

Simu zimeleta kazi hiihii kwa umbo jingine. Dirisha la wima la 9:16 likikatwa kutoka picha ya 1920 kwa 1080 lina upana wa pikseli 607 tu, chini ya theluthi ya picha. Hapo hakuna anayejaribu kukata jedwali la ligi. Kila mtu anapanga upya.

Kwa kituo kinachorusha bado kwa wenye vioo vya 4:3, gharama ya kuwatendea haki si kubwa. Miradi ihifadhiwe na matabaka yake badala ya kubakiza faili la mwisho pekee. Jina la kila faili litaje umbo lake. Na katika chumba cha uhariri iwekwe televisheni moja ya kichogo, iliyounganishwa kwa waya wa njano, na hakuna mchoro utakaokwenda hewani kabla ya mhariri kusimama hatua tatu nyuma yake na kuusoma.